Mazabodi ya 2017 na prosesa za leo: ipi ibaki, ipi iachwe

Mwezi uliopita zililetwa mezani kwangu, karibu na soko la Majengo, kompyuta mbili za umri mmoja. Moja ni ya kijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ambaye mwishoni mwa wiki huhariri video za harusi. Nyingine ni ya mama mwenye stationeri Nkuhungu, anayechapa barua, vyeti na mitihani ya shule. Mazabodi za zote mbili (mazabodi ni bodi kuu inayobeba prosesa, ubongo wa kompyuta, na RAM) ni za mwaka 2017, zote zinatumia RAM ya aina ya DDR4, na wenyewe walikuja na swali moja: nibadilishe prosesa tu, au nibadilishe kila kitu?

Kijana nilimwambia abaki na mazabodi yake. Mama nilimwambia asiiongezee yake hata shilingi. Aliguna, akasema, "Mwanangu, hii yangu ni Intel, niliambiwa ndiyo nzuri kuliko zote." Nami sikumbishia, maana mwaka ule ilikuwa mashine nzuri kweli. Tatizo ni kwamba aliyemuuzia alimweleza kasi ya prosesa iliyomo, hakumweleza kama mazabodi itapokea prosesa zitakazotoka baadaye. Hilo huwa halisemwi dukani, na huku Dodoma linatugharimu zaidi kuliko watu wa Dar, kwa sababu sehemu nyingi bado tunaagiza Kariakoo. Ukikosea, kuna nauli ya kuirudisha, kuna kubishana na muuzaji, na kazi imelala.

Kwa hiyo naziweka hapa mazabodi ninazokutana nazo mara kwa mara, moja ubavuni mwa nyingine, ili mwenye pesa yake aamue kabla hajaituma.

Kuingia kwenye soketi si kuwaka

Vitu vinne ndivyo vinavyoamua. Soketi ni umbo: pini ngapi, na zimepangwaje. Chipseti ndiyo inayoonyesha mazabodi ni ya kundi gani, na mtengenezaji wa prosesa huamua kundi hilo litafanya kazi na prosesa zipi. BIOS ni programu iliyo kwenye chipu ndogo ya mazabodi. Isipoitambua prosesa, feni zitazunguka na taa zitawaka, lakini skrini itabaki nyeusi. Cha nne ni saketi ya umeme inayozunguka soketi, ile yenye koili na vipande vyeusi vidogo, ambayo lazima imudu kuilisha prosesa bila kuungua.

Wengi huangalia soketi peke yake. Ndiyo maana nimeona mtu kanunua prosesa nzuri kabisa, imekaa kwenye soketi bila kulazimishwa, na kompyuta haikuwaka hata siku moja.

Zile mbili za 2017

Ya kijana ina chipseti ya B350, soketi AM4 ya AMD, mshindani wa Intel. Ilikuja na prosesa ya Ryzen 5 1600, yenye kori 6, yaani sehemu sita zinazofanya kazi sambamba. Ya mama ina chipseti ya B250, soketi LGA1151 ya Intel, na ndani yake mna i5 ya kizazi cha 7 yenye kori 4. B250 ilitoka Januari 2017, B350 ikafuata Machi. Miezi miwili tu kati yake.

Sasa tazama kilichofuata. Oktoba mwaka huohuo Intel ilitoa prosesa za kizazi cha 8. Soketi iliitwa LGA1151 vilevile, na idadi ya pini ni ileile. Lakini Intel ilibadilisha kazi ya baadhi ya pini ili kupata njia zaidi za umeme wa kulisha kori 6: pini za umeme wa kori zilipanda kutoka 128 hadi 146. Mazabodi ikawa lazima iwe ya chipseti za mfululizo wa 300. Yaani mazabodi iliyonunuliwa Januari ilishindwa kupokea prosesa ya Oktoba ya mwaka uleule, ilhali jina la soketi halikubadilika. Wako mafundi wa nje waliofunika pini kadhaa na kuchezea BIOS hadi kizazi cha 8 kikawaka kwenye mazabodi za zamani. Najua inawezekana. Kwenye mashine ya mtu anayeitegemea kulisha watoto sifanyi.

Upande wa AMD historia haikunyooka, lakini iliishia vizuri. Soketi AM4 ilibeba Ryzen 1000, ikabeba 2000, ikabeba 3000. Ilipofika Mei 2020 AMD ikatangaza kwamba kizazi kitakachofuata (ndicho Ryzen 5000) kitakubali mazabodi za B550 na X570 tu. Wateja walilalamika, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikalegeza na kuziruhusu B450 na X470. Machi 2022 ikaongeza hata zile za mwanzo kabisa: A320, B350 na X370. Matokeo yake, mazabodi ya kijana yule, ya mwaka 2017, inaweza kubeba Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022, hata 5700X3D iliyotoka Januari 2024, mradi mtengenezaji wa mazabodi ametoa BIOS yake. Karibu miaka saba.

Kuna Windows pia. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa orodha ya Microsoft, inaanzia kizazi cha 8 kwa Intel na Ryzen 2000 kwa AMD. Ryzen 5 1600 ya kijana haimo, lakini akiweka Ryzen 5000 kwenye mazabodi ileile anaingia kwenye orodha, na TPM (kinga ya usalama) inayotakiwa anaiwasha ndani ya BIOS. Mama hana mlango huo. Hakuna prosesa hata moja inayokubaliwa na mazabodi za LGA1151 za mfululizo wa 100 na 200 iliyomo kwenye orodha ile. Hata akipata i7-7700K, iliyo juu kuliko zote kwenye soketi yake, atakuwa amenunua kasi kidogo na kubaki palepale. Hapo ndipo alipokubaliana nami.

Ukiamua kubaki na AM4

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa ndogo inapofanya kazi kubwa, na ndipo makosa ni mengi.

Jua jina kamili la mazabodi yako. Usitegemee sanduku, usitegemee kumbukumbu ya aliyekuuzia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utaona jina la mazabodi na toleo la BIOS. Au fungua kasha usome maandishi yaliyochapwa kwenye mazabodi yenyewe, pamoja na namba ya toleo lake, maana mazabodi mbili za jina moja zinaweza kuwa na matoleo tofauti na BIOS tofauti. Kisha nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Prosesa unayoitaka ikiwemo, pembeni yake pameandikwa BIOS inayohitajika. Isipokuwemo, usinunue kwa matumaini.

Pandisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani. Hili nalisisitiza kwa kila anayepita hapa. Watu huchomoa ya zamani, huiuza ili kufidia gharama, kisha wanagundua mazabodi haiijui mpya na hakuna namna ya kuiwasha ili kupandisha BIOS. Mazabodi nyingine zina kitufe cha kupokea BIOS kutoka kwenye flashi bila prosesa kabisa, lakini za 2017 nyingi hazina. Soma pia maelezo ya kila toleo: baadhi zinataka upitie toleo la katikati kwanza. Na kwa kuwa chipu za BIOS za zamani nyingi zina megabaiti 16 tu, matoleo mapya mengine yamefuta utambuzi wa prosesa za mwanzo ili kupata nafasi. Ukishapanda, ile ya zamani inaweza isiwake tena.

Mwaka mmoja nilipandisha BIOS ya mteja mchana wa jua kali bila UPS, nikiamini ni kazi ya dakika tano. Umeme ukakatika dakika ya tatu. Mazabodi ikafa palepale, na ilibidi chipu ing'olewe na kuandikwa upya kwa kifaa nilichoazima Dar es Salaam. Siku kumi na moja mteja hana mashine, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo, bila UPS sigusi BIOS ya mtu.

Halafu chagua prosesa inayolingana na mazabodi. Kwenye A320 na B350 za bei ya chini, zisizo na chuma cha kupozea saketi ya umeme, mimi huishia kwenye za wati 65: Ryzen 5 5600, au Ryzen 7 5700X kwa mwenye kazi nzito. 5800X3D ni wati 105. Itawaka, lakini kwenye kichumba chenye bati bila dari, mwezi wa kumi, saketi ile itachemka na prosesa itajipunguzia kasi yenyewe. Umelipia mbio, umepata mwendo wa kutembea.

Angalia na suala la picha. Ryzen 5 5600 haina grafiki ndani yake. Kama hukuwa na kadi ya grafiki kwenye mashine, skrini haitaonyesha kitu, na utadhani umeuziwa mbovu. Asiye na kadi achukue 5600G. Kijana wa UDOM tayari ana kadi, kwa hiyo 5600 inamtosha: kori zilezile 6, wati zilezile 65, ila kila kori inafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo. Kwa hesabu za AMD, Ryzen 5000 iliongeza asilimia 19 juu ya 3000 kwenye kipimo hicho pekee, na yeye anaruka kutoka 1000.

Anachokosa ni PCIe 4.0, toleo la kasi zaidi la njia inayounganisha SSD na kadi ya grafiki. B350 inaishia 3.0, kwa hiyo SSD ya kasi kubwa atakayonunua itakwenda kwa mwendo wa 3.0. Kwa kukata video za harusi hataona tofauti inayomuuma. RAM yake ya DDR4 inabaki, na hilo si dogo: tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili mnemba. Aliye na gigabaiti 16 za DDR4 mkononi amekalia mali.

Na wakati wa kuchomoa: prosesa za AM4 zina pini chini yake, na pesti (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) ikikauka, prosesa huning'inia kwenye kipoza joto na kung'oka nayo soketi ikiwa bado imefungwa. Washa mashine dakika kumi ipate joto, zima, chomoa waya, kisha zungusha kipoza taratibu kushoto na kulia kabla ya kunyanyua.

Mashine za ofisi za mtumba

Hizi ndizo zimejaa mjini: OptiPlex za Dell, EliteDesk na ProDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo, zilizomaliza muda kwenye ofisi za Ulaya. Ni imara, umeme hazili sana, na kwa stationeri, sekretarieti au darasa nazipenda. Ila zichukulie kama gari lisilobadilishwa injini. BIOS zake hutambua prosesa zilizouzwa na modeli ile tu, au jirani zake wa karibu. Waya za pawa saplai mara nyingi hazifanani na za kawaida, kwa hiyo huwezi kuhamisha tu mazabodi mpya ndani ya kasha lile. Na zile ndogo za kubandika nyuma ya skrini nyingi zimepangwa kwa prosesa za wati 35, zenye herufi T.

Kwa hiyo ukinunua hizi, chagua kizazi siku hiyohiyo, usipange kukipandisha. OptiPlex 7040 ni kizazi cha 6. OptiPlex 7050 ni cha 6 na cha 7. OptiPlex 7060 ni cha 8, na hapo ndipo Windows 11 inapoanza kukubaliwa. Kwa sura zinakaribiana mno, na muuzaji anaweza kuziweka rafu moja. Soma jina la prosesa: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 cha 8. Kwa namba zenye tarakimu nne kama hizi, ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayokuambia.

Mama nilimshauri aiuze ile yake kama ilivyo kwa mtu atakayeiwekea Linux badala ya Windows, kisha achukue ya kizazi cha 8 iliyokamilika. DDR4 zake kama umbo ni lilelile anahama nazo, na SSD pia.

Soketi LGA1200, kwa ufupi

Hii ni ya Intel, kizazi cha 10 na cha 11. Mtego wake ni mmoja: mazabodi za H410 na B460 kwa kawaida hazipokei kizazi cha 11, ingawa soketi ni moja. H510 na B560 zinapokea vyote viwili. Ukiwa na i3 ya kizazi cha 10 kwenye H410, tafuta i5 au i7 ya kizazi cha 10 iliyotumika, basi.

LGA1700: imeshafika mwisho, lakini ina nafasi ndani yake

Soketi hii ya Intel ilianza Novemba 2021 na kizazi cha 12, ikabeba cha 13 mwaka 2022 na cha 14 mwaka 2023. Mazabodi ya H610 au B660 yenye i3-12100 inaweza kupanda hadi i5-14400 kwa BIOS mpya. Baada ya hapo Intel ilihamia LGA1851 Oktoba 2024 na prosesa za Core Ultra 200S, ambazo haziingii humu kabisa.

Tahadhari moja kwa wanunuzi wa vilivyotumika. Prosesa za kizazi cha 13 na 14, hasa zile kubwa za i7 na i9, zilikuwa na tatizo la volti lililozidhoofisha taratibu hadi programu zikaanza kujifunga zenyewe. Intel ilitoa marekebisho kupitia BIOS Agosti na Septemba 2024 na kuongeza udhamini kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia madhara, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo i9 ya mtumba ya bei poa, isiyo na historia, mimi naiacha. Na mwenye mazabodi ya LGA1700 ambaye hajawahi kugusa BIOS tangu 2023, aipandishe wiki hii hata kama habadilishi prosesa.

Anayenunua leo akiwa na prosesa zijazo kichwani

Hapa chaguo langu liko wazi: AM5 ya AMD. Soketi hiyo ilitoka Septemba 2022 na Ryzen 7000, na mazabodi zilezile za B650 zilipokea Ryzen 9000 mwaka 2024 kwa kupandisha BIOS tu. AMD imesema hadharani itaendelea kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Ukiweka ahadi hiyo kando ya walivyoitendea AM4, ina uzito. Intel kwa miaka mingi imekuwa ikibadilisha soketi kila baada ya vizazi viwili au vitatu, na anayenunua LGA1851 leo namshauri aihesabie prosesa iliyomo, si zitakazokuja.

AM5 ina gharama zake. Inataka RAM ya DDR5 peke yake. DDR4 zako hazitaingia, hata mkato wa katikati uko mahali pengine. Na mara ya kwanza kuwasha, mazabodi hukaa dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi inapopima RAM. Wateja wawili wamenipigia simu wakiwa na hofu, mmoja alikuwa ameshazima na kuwasha mara nne. Iache. Kunywa chai.

Swali ninalowauliza wateja ni hili: je, kweli utabadilisha prosesa ndani ya miaka mitatu au minne? Mhariri wa video, anayechora ramani za majengo, anayecheza michezo mizito, huyo ndiyo, na AM5 itamlipa. Ofisi itakayokaa na mashine hadi ife haina haja ya kulipia mlango ambao haitaufungua. Hiyo inunue kizazi cha 8 hadi cha 12 cha mtumba kilicho safi.

Vumbi letu

Chochote utakachobakiza, kisafishe kabla ya kukitia prosesa mpya. Kuanzia Mei hadi mvua zitakaponyesha, vumbi la Dodoma huingia hata kwenye droo iliyofungwa. Nimefungua mashine zilizokaa Ihumwa na Nzuguni mwaka mmoja tu, feni haionekani. Tumia bloa ukiwa nje, shikilia feni isizunguke. Kwenye soketi za Intel na AM5 pini ziko kwenye mazabodi yenyewe, nyembamba kama unywele, kwa hiyo kifuniko cha plastiki cha soketi usikitupe kamwe. Chembe moja au pini moja iliyopinda inaweza kuzima nafasi nzima ya RAM.

Kijana wa UDOM aliondoka Jumamosi jioni akiwa na 5600 ndani, BIOS mpya, pesti mpya, na ile Ryzen 5 1600 kwenye kisanduku chake. Aliuliza kama aiuze siku ileile. Nilimwambia akae nayo wiki mbili, ahariri harusi mbili nzito kwanza, mashine ikitulia ndipo atafute mteja.